Makopo ya Bosi

Kazi yangu ni kuwazuia akina mama wasidanganywe na picha. Nasimama kutwa kwenye supamaketi, upande wa watoto, kati ya nepi na mafuta ya kupaka, nimevaa fulana ya duka inayonibana kwapani, na nyuma yangu kuna rafu za makopo ya uji wa watoto. Kila kopo lina mtoto mbele yake. Wote wanene, wote wanacheka, wote wameshika kijiko kama walizaliwa nacho. Mama mwenye mtoto wa kwanza anafika, anawatazama, moyo unamyeyuka, anachukua lile lenye mtoto mzuri kuliko wenzake. Hapo ndipo ninapojitia kati.

"Dada, geuza nyuma," namwambia. "Picha ni ya kuuzia. Uji wenyewe uko nyuma."

Kisha namwaga somo langu. Kinachotajwa cha kwanza ndicho kingi kuliko vyote humo ndani. Ukikuta nafaka nzima, sawa. Ukikuta sukari imejipenyeza nafasi ya pili, rudisha rafuni. Tafuta madini ya chuma, maana mtoto akishafika miezi sita maziwa peke yake hayamtoshi. Chumvi hapana. Asali kabla ya mwaka hapana. Anza na nafaka ya aina moja, umwangalie siku mbili tatu kama tumbo limekubali, ndipo umpe mchanganyiko. Wapo wanaonishukuru mpaka wanataka kunikumbatia. Wapo pia wanaonipandisha na kunishusha kwa macho, wakijiuliza kama huyu naye ana mtoto.

Ninaye. Tunamwita Bosi, kwa sababu siku aliyozaliwa alitukunjia uso mimi na mama yangu kama mtu aliyetukuta tumechelewa kazini. Baba yake alikwenda kutafuta maisha, na nadhani bado anayatafuta, maana hajapiga simu kusema kama ameyapata. Nilipoitwa kazini, Bosi alikuwa anakaribia miezi sita. Nikamwacha kwa mama, safari ya basi ya kutwa nzima kutoka dukani, nikaenda nikipangusa machozi kwa nepi niliyoisahau begani.

Duka letu lina utaratibu wake. Kopo likikaribia tarehe ya mwisho linaondolewa rafuni, linatiwa kwenye kapu la nyuma, kule stoo, mteja asilione. Wafanyakazi tunaruhusiwa kununua vya kapuni kwa bei ya kutupa. Si kwamba uji umeharibika. Ni mzuri kabisa, ila hauna muda, mwenye nao aule upesi. Kopo la rafuni, kwa mshahara wangu, ningeliota tu usingizini. La kapuni nililiweza, moja kila mwezi. Nilikuwa nainama juu ya lile kapu na kuchagua kama ninavyowachagulia watu: nageuza nyuma, nasoma, narudia kusoma, naacha yenye sukari, nachukua la nafaka nzima lenye madini. Nalifunga kwa gazeti, nampa dereva wa basi, naye analifikisha kwa mama.

Ile ndiyo ilikuwa fahari yangu, sina haja ya kuficha. Mwenzangu tuliyekuwa tukilala naye chumba kimoja alinunua viatu. Mimi nilinunua uji.

"Mama, kopo limefika?"

"Limefika, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Bosi anakula?"

"Anakula, anakua. Usiwe na wasiwasi, fanya kazi."

Habari ya kapu sikumwambia. Ningeanzia wapi? Yeye anawatambia majirani kwamba mwanawe anauza vitu vya maana mjini, halafu mimi nimwambie ninachomtumia ni kile kilichokosa mnunuzi? Nilimpa onyo moja tu, lile ninalowapa wateja wote bila hata kufikiri, kwamba kopo likishafunguliwa lazima liishe ndani ya mwezi, lisikae wazi. Akaitikia vizuri. Mama yangu huwa anaitikia vizuri kila kitu.

Simu yake ni ile ya vitufe, haipigi picha. Ila siku moja jirani yake alimpiga Bosi picha kwa simu yake akanitumia. Kavalishwa sweta mpaka kidevuni, kaegemezwa mto, na mashavu mviringo, yamejaa. Nikaizungusha ile picha duka zima. "Tazameni mashavu hayo! Hilo ndilo kopo!" Hata msimamizi wetu, mtu ambaye kucheka kwake ni kwa msimu, alisema tumpige picha mpya tumbandike kwenye kopo. Siku hiyo niliwauzia akina mama kwa sauti ya juu kuliko kawaida.

Likizo yangu ya kwanza ilipotoka nikafunga begi na kupanda basi. Njia nzima nilikuwa nikimfanyia Bosi mazoezi ya kumbeba. Mtoto wa mwaka mmoja aliyeshiba, najua uzito wake, nimewanyanyulia wateja wangu wengi wakati wanatafuta pochi. Nilishuka jua linakaribia kuzama, nikakuta mlango umeegeshwa, na mama ameketi sebuleni anatarizi. Hiyo ndiyo kazi yake, vitambaa vya kufunika viti na meza, maua na ndege wa nyuzi, watu wa harusi humwagiza.

Bosi alikuwa sakafuni juu ya blanketi, kawekewa mto mgongoni. Hakutambaa kuja. Hakunikunjia uso. Aliniangalia tu.

Nilimwinamia nikamnyanyua kwa nguvu nilizokuwa nimezitayarisha njia nzima, na nusura nimrushe darini. Alikuwa mwepesi namna hiyo. Mikono yangu ilipanda na kitu ambacho hakikuwamo. Nikamshusha kifuani, nikahisi mbavu zake kwenye vidole vyangu. Nywele zake zilikuwa laini na chache, zimegeuka rangi, na miguu myembamba, ila nyayo zimejaa na kung'aa. Uso nao mviringo uleule wa kwenye picha. Akaanza kulia, kilio kidogo cha mtu aliyechoka, akamnyooshea bibi yake mikono.

"Mama, anaumwa?"

"Haumwi. Mpole tu." Akampokea, naye akanyamaza palepale. "Mtoto huyu hana usumbufu hata kidogo. Ukimweka hapa, utamkuta hapahapa."

Nikageuza uso nisimwonyeshe mama nilivyotaharuki, na macho yangu yakaangukia kabati la vioo.

Kabati hilo ni la tangu nikiwa mdogo. Mlikuwa na sahani za wageni ambazo sikuwahi kumwona mgeni akizitumia. Sasa sahani zilikuwa zimesukumwa juu kabisa, na kwenye rafu ya kati yalikuwepo makopo yangu. Yamepangwa mstari mmoja, sura mbele, hakuna hata moja lililopinda, na chini ya kila kopo kitambaa kilichotariziwa ua. Wale watoto wanene walikuwa wanamchekea Bosi kupitia kioo. Nilipata kumsimulia mama kwenye simu kwamba dukani tunapanga sura mbele, ya zamani mbele, mapya nyuma. Alikuwa amenisikiliza.

"Haya matupu umeyapanga vizuri," nikasema. Nilidhani ameyaosha akayatunza, kama watu wote wanavyotunza kopo zuri.

Mama akacheka. "Matupu? Hebu nyanyua moja."

Nikafungua kabati, nikanyanyua. Likanivuta mkono chini. Nikanyanyua la pili, la tatu. Yote mazito, karatasi ya mdomoni haijaguswa.

"Mama, mbona hujayafungua?"

"Nifungue niharibu?" Alikuwa bado anatabasamu, kama mtu anayengoja kusifiwa. "Si ulisema kopo likifunguliwa lazima liishe? Nikakaa nikafikiri. Nikifungua hili, Bosi akazoea, kesho wakakuachisha kazi, nitampa nini mimi? Mtoto akishaonja kizuri hakamati tena cha kawaida. Nimelea, najua. Nikasema ngoja yafike mengi ya kututosha mpaka awe mkubwa, ndipo tuanze bila kukwama katikati. Na mwezi huu nilikuwa naona sasa yanatosha."

"Sasa alikuwa anakula nini?"

"Uji. Kwani mtoto anakula nini? Uji wa unga mweupe, ule mlaini. Naufanya mwepesi kabisa usimkabe, anaunywa kwa chupa. Anamaliza chupa nzima, huyo!"

Maji. Kwa miezi yote hiyo Bosi alikuwa anashibishwa maji meupe, huku amewekewa mto mbele ya kabati lililojaa chakula. Damu ilinichemka. Nilichukua kopo la mbele kabisa niende nalo jikoni papo hapo, nibandike maji, nipike, na kwa mazoea ya mkono tu, maana mkono wangu siku hizi haushiki kopo bila kulipindua, nikalipindua nikaangalia kitako.

Tarehe ilikuwa imepita zamani.

Nikachukua la pili. Imepita. Nikayapindua yote moja baada ya jingine, vitambaa vikianguka sakafuni, na kila kitako kikaniambia neno lilelile. Hata lile la mwisho lilikuwa limepita wiki iliyotangulia. Dukani kwetu yasingefika hata kwenye kapu, yangekwenda moja kwa moja kwenye pipa.

"Unatafuta nini huko chini?" mama akauliza.

"Yameharibika, mama."

"Yameharibikaje na hayajafunguliwa?"

Ikabidi nimweleze. Nilimweleza tarehe, nikamweleza kapu, nimesimama katikati ya sebule na kopo mkononi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo tabasamu lilivyokuwa likimtoka mama usoni.

"Kwa hiyo ulikuwa unanitumia vitu vya kutupwa," akasema.

"Si vya kutupwa. Vya kula upesi."

"Upesi! Neno hilo ulilitia kwenye gazeti lipi? Mbona sikulikuta?"

"Na wewe mbona ulikuwa unaniambia anakula?"

"Alikuwa anakula! Nilikuambia uongo gani? Uliniuliza kama anakula, hukuniuliza anakula nini. Ukituma kitu unadhani kimeshafika tumboni."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia angekuwa amemlisha hata sahani zake za wageni, afadhali. Mama aliinama akaokota vitambaa vyake kimoja kimoja, akavikunja, akavitia kwenye kikapu cha nyuzi. Bosi alikuwa anatutazama kwa zamu, hana hata nguvu za kuogopa kelele.

Asubuhi tulikwenda kliniki, mimi nimembeba Bosi, mama nyuma yangu, na kopo moja kwenye mkoba wangu nimwonyeshe nesi. Ilikuwa siku ya kupima watoto. Mabenchi yalijaa tangu mlangoni, akina mama wanasogea kwa makalio hatua kwa hatua kuelekea kwenye mizani ya kuning'iniza, na kila mtoto anayetiwa kwenye ule mfuko wa miguu miwili analia kama anayeibiwa. Bosi alipotiwa hakulia. Alining'inia tu. Mwanamke aliyekuwa nyuma yetu alimvuta wake karibu.

Nesi alikuwa mama wa makamo, miwani imekaa kwenye paji la uso kama vile paji ndilo lenye macho mabovu. Alimjua mama yangu. "Bibi Bosi," akamwita, kisha akaniangalia mimi. "Wewe ndiye mama mtu? Afadhali umekuja. Mtoto huyu anatuchosha akili. Uzito unagoma. Tumempa dawa ya minyoo, tumempima damu, hatuoni kitu. Na mwezi uliopita hakuletwa." Akakamata unyayo wa Bosi, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaachia. Pale alipobonyeza pakabaki shimo. Akashusha miwani machoni. "Haya ya miguu ni mapya. Bibi, anaendelea kula?"

"Anakula," mama akasema.

"Bado ule uji wa kopo?"

Nikamtazama mama. Naye akatazama benchi zima lile, wanawake wanaomjua, waliomwagiza vitambaa, waliokaa sebuleni kwake wakaonyeshwa kabati. Akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Uji wa kopo," akasema.

Basi hivyo ndivyo alivyokuwa akijibu miezi yote. Nesi wa watu akatafuta minyoo, akatafuta ugonjwa wa damu, ataendelea kutafuta mpaka mtoto aishe, kwa sababu mtoto anayekula kopo zuri namna ile hawezi kuwa na njaa. Nilijua nikikaa kimya mama yangu atatoka pale na heshima yake. Nilijua pia nitakachokuwa nimefanya.

"Hajala kopo hata moja," nikasema.

Sauti yangu ni ya dukani, imezoea kufika mwisho wa rafu. Benchi zima lilisikia.

"Unasema?"

"Anakunywa uji wa unga mweupe, mwepesi, kwa chupa. Makopo yapo kabatini, hayajafunguliwa, na yamepita tarehe. Nilimtumia yakiwa yamekaribia kuisha muda na sikumwambia."

Niliongeza hilo la mwisho ili aibu tuigawane, lakini aibu haigawanywi kama mkate. Watu hawakunitazama mimi. Walimtazama yeye. Mama alisimama, akajifunga mtandio vizuri, akatoka nje bila kuaga.

Nesi hakupoteza muda kumlaumu mtu. Alifungua droo akatoa pakiti ya dawa-lishe, ile laini kama karanga iliyosagwa, akaikata ncha, akanipa na kijiko. "Huyu ana njaa ya muda mrefu na mwili umeanza kuvimba, hata mashavu haya si unene. Sasa nataka nimwone akila, hapa mbele yangu. Akila, nitawapa pakiti mwende naye nyumbani, mrudi kila wiki. Akikataa, namlaza leo hii, maana mtoto wa hali hii akikataa chakula hatuchezi naye."

Nikamweka Bosi mapajani. Nikachota kidogo, nikampelekea. Akafumba mdomo. Nikamwimbia kidogo, nikamfanyia kijiko kuwa ndege, nikajionjesha na kulamba midomo. Akanitazama kama wateja wanavyomtazama muuzaji anayewang'ang'ania, kisha akageuza uso akatazama mlango. Nikajaribu tena. Dawa ikamchafua kidevu, mdomo haukufunguka. Nimewafundisha mamia ya wanawake jinsi ya kumlisha mtoto, na wa kwangu alikuwa amenikazia meno manne.

"Nani humlisha siku zote?" nesi akauliza.

Nilimkuta mama ameketi kwenye ngazi ya nyuma, karibu na bomba la kuoshea mikono, anafunga fundo kwenye ncha ya mtandio na kulifungua.

"Mama, njoo umlishe."

"Mlishe mwenyewe. Mimi nimeshamlisha, umeona nilipomfikisha."

"Hataki kwangu."

"Atazoea. Wewe ndiye mama yake, tena unayajua. Mimi sitamtia tena kitu mdomoni mtoto wa mtu."

Mtoto wa mtu. Alisema hivyo, mwanamke aliyemtoa Bosi tumboni mwangu kwa mikono yake wakati mkunga yuko njiani. Hasira yangu yote iliishia pale kwenye ngazi. Sikuwa na pa kuiweka tena.

"Hanijui, mama," nikamwambia, na hapo ndipo nilipoanza kulia kweli, kilio cha kukatika pumzi, mbele ya watu waliokuja kunawa. "Mwanangu hanijui. Ananitazama kama mpita njia. Asipokula watamlaza, na mimi likizo ikiisha lazima nirudi, wewe ndiye utabaki naye. Nimekosa kukujibu vile. Nakuomba, shika kijiko."

Kisha akainuka, akaosha mikono bombani, akaisugua mpaka viwiko, akaingia.

Alimpakata Bosi upande wake wa kushoto, akachota nusu kijiko, akakipuliza ingawa hakikuwa cha moto. Bosi alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika. Alikula akaguguna kijiko, akafungua tena. Mama alikuwa anamlisha bila kumwangalia mtu yeyote, na machozi yake yalikuwa yanaingia kwenye fundo la mtandio. Nesi alingoja mpaka pakiti ilipobaki bapa, akasema haya, nyumbani.

Kabla hatujatoka nilimwonyesha kopo. Aliligeuza nyuma, bila kuambiwa, akasoma kwa sauti. "Mahindi mazima. Soya. Maziwa ya unga. Madini. Mbona hivi karibu vyote sokoni vipo? Sagisheni. Pakiti zitangulie, uji ufuate. Na uji uwe mzito, mama, mzito. Ukiinamisha kijiko usikimbie. Ongeza karanga iliyosagwa, ongeza yai, na mboga ya majani, ndiyo yenye hayo madini. Kopo ni la mwenye haraka." Nilikuwa nayajua hayo yote. Dukani silipwi kuyasema.

Siku zilizobaki tulizimalizia sokoni na mashineni. Tulichagua mahindi punje kwa punje, tukaacha yenye ukungu, tukakaanga soya, tukasaga. Makopo niliyafungua nikayamwaga shimoni nyuma ya nyumba. Unga ulitoka mzuri, mkavu, unanukia, na hilo ndilo lililoniuma. Mama hakutoka kuangalia. Nilipoyaosha makopo nikataka kutia humo unga mpya, akanizuia.

"Humo hapana. Humo mna tarehe."

"Nimeyaosha, mama. Tarehe ni ya uji wa zamani."

"Humo hapana."

Unga ukatiwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Kabati likabaki tupu rafu ya kati, na mviringo wa makopo kwenye vumbi ambalo hakulifuta. Bosi alipungua kidogo kwanza, uvimbe ulipokuwa unamtoka, mpaka nikaogopa, nesi akasema ndivyo inavyokuwa. Kwangu alikuwa ameanza kukubali kubebwa. Kula, hapana, kwa bibi tu.

Asubuhi ya kuondoka niliamka mapema nikapika uji mwenyewe, mzito, na karanga ndani, maana zamu ya uji ilikuwa imefika. Nikaupooza, nikautia kwenye kibakuli, nikampa mama. Begi langu lilikuwa mlangoni. Bosi alikuwa ameketi mapajani kwake, na alipokiona kibakuli alimkunjia uso kwa kumcheleweshea, mkunjo uleule wa siku aliyozaliwa, nikacheka peke yangu.

Mama akachota. Bosi akafungua mdomo akangoja. Kijiko kikafika karibu na midomo yake kikasimama hapo, na mama akainua macho kunitazama.

"Umeangalia tarehe?" akaniuliza.

Unga tulikuwa tumesaga wenyewe, yeye ameshika ungo na mimi nimeshika ndoo. Bosi alikuwa bado amefungua mdomo.

"Nimeangalia, mama," nikamwambia. "Mpe."